Benki ya superkapasita

Benki ya superkapasita ni kundi la superkapasita zilizounganishwa pamoja ili kuhifadhi umeme kwa volteji kubwa kuliko ile inayovumiliwa na superkapasita moja. Kila superkapasita ndani ya benki huitwa seli. Seli ya kawaida huvumilia takriban volti 2.7 tu. Kwa hiyo benki inayotumika kwenye mfumo wa volti 12, kama ule wa gari, boti au umeme wa jua wa nyumbani, kwa kawaida huundwa kwa seli sita zilizounganishwa kwa mfululizo, yaani ncha hasi ya seli moja huungwa na ncha chanya ya inayofuata.

Muungano huo una tatizo lake. Volteji ya benki nzima inaweza kuonekana sahihi kabisa kwenye kipimo huku seli moja ndani yake ikiwa imeshapita kikomo. Seli hiyo huchoka mapema, huvimba, na pengine hupasuka. Ndiyo maana benki hufungwa saketi za kusawazisha, na ndiyo maana upimaji wake hufanywa seli kwa seli, si kwa kuangalia ncha mbili za mwisho peke yake.

## Historia

Mwaka 1957 Howard Becker wa kampuni ya General Electric ya Marekani alipewa hataza ya kapasita yenye elektrodi za kaboni iliyojaa vitundu vidogo. Katika miaka ya 1960 watafiti wa kampuni ya mafuta ya Standard Oil of Ohio walibuni aina nyingine iliyofanana na zinazotumika leo. Kampuni ya NEC ya Japani ilipata leseni ya ubunifu huo na kuanza kuuza bidhaa zake katika miaka ya 1970. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ndogo: kulinda kumbukumbu za vifaa vya kielektroniki umeme unapokatika.

Baadaye seli kubwa zaidi zilitengenezwa, na superkapasita zikaingia katika usafiri. Mjini Shanghai, China, mabasi yanayochajiwa vituoni kwa superkapasita yalianza kazi mwaka 2006. Mjini Lorient, Ufaransa, kivuko cha abiria kiitwacho Ar Vag Tredan kilianza kazi mwaka 2013. Kivuko hicho huvuka bandari kwa nguvu ya superkapasita na kuchajiwa kwa dakika chache kila kinapotia nanga. Mfano huo una maana kwa miji ya pwani ya Ziwa Viktoria kama Mwanza, ambako vivuko vya safari fupi, kama kile cha kwenda Kamanga, ni sehemu ya maisha ya kila siku.

## Jinsi seli inavyofanya kazi

Kapasita ya kawaida ina bamba mbili za metali zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha umeme. Chaji chanya hukusanyika kwenye bamba moja na chaji hasi kwenye nyingine. Uwezo wake hupimwa kwa faradi (F). Kapasita ya faradi moja hupanda volti moja kila inapopokea chaji ya koulombi moja. Kapasita nyingi zilizomo ndani ya redio na simu zina sehemu ndogo sana ya faradi moja.

Katika superkapasita, bamba hufunikwa kwa kaboni maalumu yenye vitundu visivyohesabika. Gramu moja ya kaboni hiyo inaweza kuwa na uso wenye eneo la zaidi ya mita za mraba 1,000. Seli hujazwa elektroliti, yaani kiowevu chenye ioni. Seli inapochajiwa, ioni husogea na kujipanga kwenye uso wa kaboni, na inapotoa umeme ioni hizo hurudi zilikotoka. Kwa kuwa hakuna mabadiliko makubwa ya kikemia, seli nzuri inaweza kuchajiwa na kutumika mara laki kadhaa, wakati betri ya risasi na asidi huhesabu mizunguko yake kwa mamia.

Tofauti nyingine na betri ni mwenendo wa volteji. Betri ya volti 12 hubaki karibu na volti 12 kwa muda mrefu wa matumizi. Superkapasita hushuka moja kwa moja kadiri inavyotoa chaji, kutoka volteji kamili hadi sifuri.

## Nishati inayohifadhiwa

Nishati ndani ya kapasita ni nusu ya uwezo wake ukizidishwa kwa volteji mara volteji:

E = ½ × C × V × V

Seli moja ya faradi 500 iliyochajiwa hadi volti 2.7 ina jouli 1,822 hivi. Seli sita za aina hiyo zina jouli 10,935, sawa na wati-saa 3 tu. Zikiunganishwa kwa mfululizo, uwezo wa benki nzima haujumlishwi bali hugawanywa kwa sita, hivyo huwa faradi 83.3 kwa volti 16.2.

Hesabu hii huzuia kosa la gharama kubwa. Katika Ziwa Viktoria dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati mwezi haupo, kwa kuwavuta kwa mwanga. Kwa miaka mingi wavuvi walitumia karabai za mafuta ya taa, na baadaye taa za LED zenye betri zikaanza kuchukua nafasi yake. Taa ya LED ya wati 10 inayowaka saa 10 huhitaji wati-saa 100. Benki iliyotajwa hapo juu ingeiwasha kwa dakika 18 hivi hata kama isingepoteza chochote. Betri ndogo ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, yaani zaidi ya mara 27 ya benki hiyo. Mvuvi anayeuza betri yake ili anunue superkapasita za taa atarudi ufukweni kabla ya kazi kuanza.

Nguvu ya superkapasita iko katika kutoa mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Injini ndogo ya dizeli ya boti, jenereta au pampu inaweza kuwa na starta inayovuta ampea 150 kwa sekunde 2. Starta hiyo hutumia koulombi 300. Ikigawanywa kwa faradi 83.3, volteji ya benki hushuka kwa volti 3.6, kutoka 14.4 hadi 10.8, na injini huwaka. Betri iliyochoka ambayo haiwezi kutoa ampea 150 kwa mara moja bado inaweza kuijaza benki hiyo polepole, kisha benki ikafanya kazi ya kuwasha injini. Kwa chombo kilichozimika injini katikati ya maji, tofauti hiyo si ndogo.

## Kwa nini seli hazigawani volteji sawa

Seli zilizounganishwa kwa mfululizo hupitiwa na mkondo uleule, kwa hiyo zote hupokea chaji sawa. Hali hiyo inaweza kufananishwa na ndoo sita za kimo kimoja lakini zenye unene tofauti, kila moja ikimiminiwa lita zilezile. Katika ndoo nyembamba maji hupanda juu kuliko katika ndoo pana, nayo ndiyo itakayofurika kwanza. Seli yenye faradi chache ndiyo ndoo nyembamba.

Watengenezaji wengi huruhusu uwezo halisi wa seli kuzidi ule ulioandikwa kwa hadi asilimia 20. Hivyo seli zenye lebo ya faradi 500 zinaweza kuwa na faradi 500 au 600, zote zikiwa nzima. Ikiwa benki ina seli tano za faradi 600 na moja ya faradi 500, kisha ikachajiwa hadi volti 16.2, matokeo ni haya:

- seli tano za faradi 600: volti 2.61 kila moja
- seli moja ya faradi 500: volti 3.14
- jumla kwenye ncha za benki: volti 16.2

Kipimo cha jumla hakionyeshi kosa lolote, lakini seli moja imepita kikomo kwa zaidi ya volti 0.4. Hata kwa volti 14.4, ambayo ni volteji ya kawaida ya oltaneta ya gari, seli hiyo hufika volti 2.79. Bila usawazishaji, benki hii haipaswi kuzidi volti 13.95.

Sababu ya pili ni uvujaji. Kila seli hupoteza chaji kidogo kidogo ndani yake, na hakuna seli mbili zinazovuja sawa. Benki inayokaa kwenye chaja kwa wiki nyingi huona seli inayovuja sana ikishuka, na nyingine zikipanda ili kufidia. Sababu ya tatu ni joto: seli iliyo karibu na injini huzeeka haraka kuliko wenzake, hupungua uwezo, na hivyo hupanda volteji zaidi katika kila chaji.

## Saketi za kusawazisha

### Usawazishaji kwa vikinzani

Njia rahisi ni kufunga kikinzani sambamba na kila seli, vyote vikiwa na ukinzani sawa. Seli yenye volteji kubwa hupitisha mkondo mkubwa zaidi kwenye kikinzani chake, hivyo hushuka haraka kuliko nyingine. Vikinzani huchaguliwa ili mkondo wake uwe takriban mara kumi ya mkondo wa uvujaji wa seli.

Kwa seli ya faradi 500, kikinzani cha omu 100 hupitisha miliampea 27 kwa volti 2.7. Lakini kazi yake ni ya polepole mno. Muda wake wa kimsingi, yaani omu zikizidishwa kwa faradi, ni sekunde 50,000, karibu saa 14. Chaja ya ampea 10 huijaza benki kwa dakika chache, kwa hiyo vikinzani hivyo haviwezi kuilinda seli dhaifu wakati wa kuchaji. Aidha, vikinzani huendelea kula chaji hata benki ikiwa haitumiki. Baada ya siku moja, volteji iliyobaki ni chini ya asilimia 20 ya ile ya mwanzo. Njia hii inafaa kwa benki inayokaa kwenye chaja wakati wote.

### Usawazishaji tendaji

Katika njia hii kila seli ina saketi ndogo inayopima volteji yake. Seli ikiwa chini ya kiwango kilichowekwa, kwa mfano volti 2.65, saketi hukaa kimya. Ikifika hapo, transista hufunguka na kupitisha sehemu ya mkondo wa chaji kwenye kikinzani badala ya kuupeleka ndani ya seli. Seli nyingine huendelea kujazwa hadi zote zifike.

Saketi hii nayo ina kikomo. Tuseme inaweza kupitisha ampea 1. Ikiwa chaja inatoa ampea 10, ampea 9 zilizobaki huendelea kuingia katika seli iliyojaa, na seli ya faradi 500 hupanda volti 0.1 kwa chini ya sekunde 6. Kwa hiyo mkondo wa chaja lazima upunguzwe mwishoni uwe chini ya ule unaoweza kupitishwa na saketi, au saketi iwe na waya wa kuiarifu chaja isimame. Tena, ampea 1 kwa volti 2.65 ni wati 2.65 za joto. Seli sita zikisawazishwa kwa pamoja hutoa wati 16 hivi, na joto hilo lazima lipate njia ya kutoka ndani ya kasha.

Zipo pia saketi zinazohamisha nishati kutoka seli iliyojaa kwenda seli iliyopungua badala ya kuigeuza joto. Hupoteza nishati kidogo, lakini ni za gharama zaidi na ni ngumu kutengeneza.

## Kupima seli kabla ya kuziunganisha

Lebo peke yake haithibitishi uwezo wa seli, hasa ikiwa imetolewa kwenye kifaa kilichotumika. Multimita nyingi haziwezi kupima faradi nyingi kiasi hiki, lakini multimita ya kawaida ya kupima volti, saa na kikinzani vinatosha kwa kazi kubwa ya upimaji.

Ukaguzi wa macho. Seli iliyovimba, iliyopasuka kwenye tundu la usalama, yenye majimaji au harufu kali haipimwi, hutengwa.

Uwezo. Seli huchajiwa hadi volti 2.5, kisha hutolewa umeme kupitia kikinzani cha omu 1 kinachostahimili angalau wati 10. Muda hupimwa hadi volteji ishuke kufikia volti 0.92, ambayo ni asilimia 36.8 ya 2.5. Idadi ya sekunde ikigawanywa kwa omu hutoa faradi. Sekunde 500 maana yake ni faradi 500. Hili ni jaribio linalofaa pia kwa wanafunzi wa fizikia wa kidato cha tano na sita, kwa sababu mabadiliko ni ya polepole kiasi cha kuandikwa kwa mkono na kuchorwa kwenye grafu.

Penye kifaa cha kutoa mkondo usiobadilika, hesabu ni rahisi zaidi:

C = I × t ÷ tofauti ya volti

Seli inayotoa ampea 5 na kushuka kutoka volti 2.16 hadi 1.08 kwa sekunde 108 ina faradi 500. Ikitumia sekunde 86 ina faradi 398 tu. Kwa kawaida seli yenye lebo ya faradi 500 iliyopoteza asilimia 20 ya uwezo huhesabiwa kuwa imefika mwisho wa maisha yake.

Ukinzani wa ndani. Mkondo mkubwa unapoanza kutoka, volteji hudondoka ghafla kabla ya kuanza kushuka polepole. Mdondoko huo ukigawanywa kwa ampea hutoa ukinzani wa ndani. Kwa ampea 50, mdondoko wa volti 0.05 ni sawa na miliomu 1. Nyaya za kipimo hushikwa kwenye ncha zenyewe za seli, si kwenye nyaya za mkondo, la sivyo ukinzani wa nyaya utahesabiwa ndani yake. Ukinzani uliofika mara mbili ya ule wa seli mpya ni dalili nyingine ya uchakavu.

Uvujaji. Seli zote hushikiliwa kwenye volteji moja kwa saa kadhaa, kisha hutenganishwa na kuachwa kwa saa 24. Seli inayoshuka sana kuliko wenzake haifai kuingia kwenye benki. Kuzishikilia kwa saa kadhaa ni muhimu, kwa sababu seli iliyochajiwa harakaharaka hushuka hata kama haivuji. Chaji yake bado inasambaa kuelekea vitundu vya ndani vya kaboni.

Baada ya vipimo, seli zenye uwezo unaokaribiana huwekwa pamoja. Uchaguzi huu hupunguza kazi ya saketi za kusawazisha lakini hauziondoi.

## Kuchaji kwa usalama

Benki tupu ikiunganishwa moja kwa moja na betri hufanya kama waya mtupu. Ikiwa ukinzani wa njia nzima ni miliomu 20, betri ya volti 12.6 inaweza kusukuma ampea 630 katika sekunde ya kwanza. Nyaya huungua, cheche huruka, na ncha huweza kulehemiana. Kwa hiyo mkondo lazima uwekewe mpaka.

Chanzo chenye mpaka wa mkondo. Hii ndiyo njia bora. Volteji ya mwisho na mkondo huwekwa kabla ya kuunganisha. Kwa ampea 5, benki ya faradi 83.3 hufika volti 15 kwa sekunde 250, zaidi kidogo ya dakika 4.

Balbu ya gari. Pasipo na chanzo cha namna hiyo, balbu ya indiketa ya volti 12 na wati 21 hufungwa kwa mfululizo kati ya betri na benki. Mwanzoni balbu huwaka kwa nguvu, na hufifia kadiri benki inavyojaa. Benki ya faradi 83.3 hukaribia volteji ya betri kwa takriban robo saa. Balbu ikikataa kufifia, kuna seli iliyoharibika au waya uliogusana. Balbu ikizima kabisa tangu mwanzo, imeungua au waya umekatika.

Paneli ya jua. Paneli hujiwekea mpaka wa mkondo yenyewe, lakini haijiwekei mpaka wa volteji unaofaa. Paneli iitwayo ya volti 12 inaweza kufika volti 21 isipokuwa na mzigo. Benki ya seli sita ikiachwa juani bila kidhibiti, kila seli ingesukumwa kuelekea volti 3.5. Paneli ya wati 50 yenye mkondo wa ampea 2.8 hufikisha benki hii volti 14.4 kwa dakika 7 hivi, muda unaopita mtu akiwa amekwenda kuchota maji. Vidhibiti vya chaji vya betri za risasi navyo vina mapungufu yake: vingi huendeshwa na betri yenyewe, kwa hiyo haviwaki vinapokuta benki tupu, na vimetengenezwa kufuata betri inayopanda polepole kwa saa nyingi. Kidhibiti kinachotajwa na mtengenezaji kuwa kinafaa kwa superkapasita ndicho kinachotakiwa.

Benki ya volti 12 isiundwe kwa seli tano. Kwa volti 14.4 za oltaneta, kila seli ingepata wastani wa volti 2.88, juu ya kikomo hata kama zote zingekuwa sawa.

## Jaribio la kwanza la benki

Benki mpya huchajiwa kwa hatua na kwa mkondo mdogo, mtu akiwa karibu muda wote.

1. Volteji ya kila seli hupimwa kabla ya kuanza. Zote ziwe karibu na sifuri, na mpangilio wa chanya na hasi uhakikiwe mara mbili.
2. Benki huchajiwa hadi volti 6, kisha chaja hutolewa na kila seli hupimwa na kuandikwa. Wastani ni volti 1. Katika mfano wa hapo juu, seli ya faradi 500 ingeonyesha volti 1.16 na nyingine 0.97. Kasoro huonekana mapema, wakati bado hakuna hatari.
3. Kuchaji huendelea hadi volti 12, na vipimo hurudiwa.
4. Mkondo hupunguzwa uwe chini ya uwezo wa saketi za kusawazisha, kisha benki hupandishwa hadi volteji ya mwisho. Hapa huangaliwa kama saketi ya seli iliyotangulia inafanya kazi: volteji yake husimama na kikinzani chake hupata joto.
5. Benki huachwa bila chaja kwa siku moja, kisha seli zote hupimwa tena.

Seli ikipita volti 2.7 katika hatua yoyote, kuchaji husimamishwa mara moja.

## Hatari na tahadhari

Volti 16 hazimrushi mtu, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Mkondo wa benki unaweza kuyeyusha spana au kuifanya pete ya kidoleni iwe nyekundu kwa joto. Pete, saa na mikufu huvuliwa kabla ya kazi, na vishikio vya spana hufungwa utepe wa umeme. Benki zenye volti zaidi ya 60 zinaweza kuua na si za kujifunzia.

Fyuzi hufungwa karibu kabisa na ncha chanya ya benki. Katika boti, benki hukaa mbali na tangi na madumu ya petroli, kwa kuwa cheche moja wakati wa kuunganisha inatosha kuwasha mvuke wake. Kasha lizuie maji lakini liruhusu joto kutoka.

Seli nyingi hutumia elektroliti iliyoyeyushwa katika asetonitrili, kiowevu kinachoshika moto kwa urahisi na chenye sumu. Moshi wake unaweza kuwa na gesi ya sianidi. Seli ikianza kutoa moshi, watu huondoka na kusimama upande unakotoka upepo. Elektroliti ikigusa ngozi au jicho, sehemu hiyo huoshwa kwa maji mengi safi na mtu hupelekwa kituo cha afya.

Benki hupunguzwa chaji kwa kikinzani au balbu, kamwe si kwa bisibisi. Inapokaribia kuisha, seli ndogo zaidi hutangulia kufika sifuri, na mkondo ukiendelea hugeuzwa chanya kuwa hasi, jambo linaloiharibu. Kwa hiyo hatua ya mwisho hufanywa seli moja moja. Seli iliyoachwa wazi baada ya kumalizwa hurudisha volteji kidogo yenyewe. Kwa sababu hiyo, ncha za seli inayohifadhiwa au kusafirishwa huunganishwa kwa waya.

## Utunzaji

Joto na volteji ndivyo vinavyoamua umri wa seli. Kwa kanuni ya kukadiria inayotumiwa na watengenezaji, kila nyongeza ya nyuzi 10 za selsiasi hupunguza umri wa seli kwa nusu. Kupunguza volteji ya kila seli kwa volti 0.1 hadi 0.2 huuongeza maradufu. Joto la mchana mjini Mwanza kwa kawaida si kali, lakini ndani ya kasha jeusi lililofungwa kwenye boti iliyo juani huzidi sana lile la nje, wakati seli nyingi za volti 2.7 zina kikomo cha nyuzi 65. Kivuli, rangi nyeupe ya kasha na kutumia volti 2.4 kwa seli badala ya 2.7 huongeza miaka ya kazi bila gharama kubwa.

Volteji za seli huandikwa katika daftari kila baada ya miezi michache, benki ikiwa imejaa. Seli ambayo kila mara huonekana ya juu zaidi baada ya chaji inapungua uwezo, na ile ambayo kila mara huonekana ya chini baada ya kukaa inavuja. Zote mbili hubadilishwa kabla hazijaharibu wenzake. Seli mpya huchaguliwa kwa kulinganisha uwezo wake na wa seli zilizobaki, si kwa kufuata lebo.